Tangi la ndege ya petroli 30cc: mipira miwili yenye T, au mitatu?

Kipanga_wa_Tanga
Wakuu, habari za leo. Nimerusha ndege ndogo za mfano za kuongozwa kwa rimoti, zenye injini ya methanoli, kwa miaka, sasa nahamia petroli. Ndege iko mezani, tangi bado halijafungwa. Niweke mipira (vibomba vya mafuta) miwili, wa kabureta na wa hewa, kisha T, yaani kiungo cha njia tatu, kwenye njia ya kabureta ili nijazie hapo? Au mitatu, wa tatu uwe wa kujazia tu? Na pampu ya kujazia je, ya mkono au ya umeme? Mzigo ukitoka nje huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo nikikosea naanza upya.

Mwewe
Injini gani? Tangi la ujazo gani, na umeliweka wapi? Mpira wa aina gani? Bila hayo tunapiga ramli tu.

Kipanga_wa_Tanga
Samahani mkuu. DLE 30, tangi la 500 ml, nimelikalisha usawa wa bawa. Mipira ni ya silikoni, ilibaki kwenye zile za methanoli.

Mwewe
Silikoni itoe leo hii. Petroli huivimbisha na kuilegeza mpaka ichomoke yenyewe kwenye kabureta. Chukua Tygon ya njano, mpira wa plastiki unaostahimili petroli. Kizibo cha tangi pia kiangalie, kuna cha methanoli na cha petroli, na kile cha kwanza hakidumu humu. Tangi umeliweka mahali pazuri: kabureta ya Walbro ina pampu yake ya kiwambo (utando mwembamba unaopwita) ndani, inavuta mafuta hata tangi likiwa mbali, na petroli ikipungua mizani ya ndege haiyumbi.

Rubani_Nyali
Kaka, T usiiguse. Nakueleza yaliyonikuta.

Nilikuwa na ndege ya 30cc, mipira miwili na T ya plastiki. Chini inanguruma vizuri, silensa (mwendo wa chini kabisa wa injini) haina neno. Ikipanda juu na pua ikiinuka, sauti inakatika-katika kama mtu anayekohoa. Nikadhani ni sindano, zile skrubu za kabureta za kupimia petroli. Nikafungua sindano ya juu robo, nikarudisha, nikafungua tena. Wikendi tatu. Kabureta niliifungua mara mbili, nikabadilisha viwambo vyote. Jumapili ya nne ikazima nikiwa napinda kuja kutua. Sikuwa na mwinuko wa kutosha, ikaingia kwenye minazi, bawa la kulia likakatika shinani.

Nyumbani nikatoa ile T, nikaiziba upande mmoja, nikaitumbukiza kwenye bakuli la maji na kupuliza. Mapovu. Ufa mwembamba kama unywele. Hapo ndipo nilipoelewa: njia ya kabureta inavuta, haisukumi. Ikitoboka haivuji petroli ukaiona, inanyonya hewa kimyakimya. Ufa ule ule ungekuwa kwenye mpira wa kujazia, ningeona tone sakafuni nikaziba siku ile ile.

FundiKabureta
Pole sana dada, lakini hiyo ni kasoro ya plastiki, si ya T. Mimi natumia T ya shaba, kila ncha nimeifunga kwa waya, mwaka wa 6 sasa. Kizibo chenye matundu mawili kina sehemu chache za kuvuja kuliko cha matundu matatu. Halafu wenye mitatu husahau kuziba ule wa kujazia, petroli inamwagika yote ndani ya bodi.

Rubani_Nyali
Ikimwagika naiona na kuinusa kabla sijaruka. Kunyonya hewa sikuoni mpaka niko juu. Na ukijazia kwa T, pampu yenye nguvu inaweza kusukuma petroli mpaka ndani ya kabureta, injini inalowa.

Mzee_wa_Muscat
Vyovyote mtakavyochagua, mpira wa hewa uuzungushe kwanza juu ya tangi ndipo utoke chini ya bodi. Usipofanya hivyo, ukiinamisha pua mafuta yanajinyonya yenyewe mpaka nje. Na ndani ya tangi msiweke Tygon. Ikikaa inakakamaa, kile kizito cha ncha ya mpira, kinachouvuta uelekee mafuta yalipo, hakifuati tena mafuta. Humo weka Viton, mpira mwingine wa kustahimili petroli.

Pampu: ya mkono. Nyingi za umeme zimetengenezwa kwa methanoli, sili zake huoza. Kuna hatari pia ya cheche za umeme tuli, na kwa joto la huku petroli inatoa mvuke usioonekana. Jerikeni la chuma liweke chini ardhini wakati wa kujaza, lisibaki juu ya zulia la gari.

FundiKabureta
Pampu ya umeme ya petroli ipo, Mzee wangu, ni kuchagua tu. Kipanga, oili unachanganyaje?

Kipanga_wa_Tanga
Oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, kwa kukadiria.

Mwewe
Usikadirie! DLE wanasema 30 kwa 1. Lita 5 za petroli, oili 167 ml. Nunua bomba la sindano la duka la dawa, upime.

FundiKabureta
Kwa oili ya sintetiki nzuri mimi naenda 40 kwa 1, yaani 125 ml. Moshi kidogo, plagi safi.

Mwewe
Injini mpya hiyo, bado haijalainika. Usimpe ushauri wa kumuulia pistoni.

FundiKabureta
Nimesema *mimi*. Na ukiileta Nairobi uje na bisibisi. Tuko karibu mita 1,800, hewa nyepesi, sindano uliyoipanga Tanga huku itamwaga petroli nyingi kupita kiasi. Itabidi uifunge kidogo.

Kipanga_wa_Tanga
Shukrani wakuu. Nimeagiza Tygon, Viton na kizibo cha petroli chenye matundu matatu. La tatu naweza kuliziba kwa skrubu nikiamua kurudi kwenye T. Dada Nyali, ule mpira wako wa kujazia ndani ya tangi umeuwekea kizito chake, au umeishia juu?

Rubani_Nyali
Una kizito chake. Jioni nikirudi nyumbani natoa petroli yote kwa njia hiyo hiyo, silazi tangi na mafuta.

Mzee_wa_Muscat
Mimi wangu umeishia juu, sijapata shida. Hebu tuwekee picha ya hiyo ndege, mwanangu.