Yah: Pauni inashuka, tutume sasa au tusubiri?

Kutoka kwa mwanachama wa Reading, Uingereza
Aprili 2009

Assalaam aleikum wana Tanga wote mlioko ughaibuni na mliorudi nyumbani. Shikamooni mnaostahiki.

Naomba ushauri katika jambo ambalo naamini haliko kwangu peke yangu. Julai mwaka jana, pauni 200 ninazotuma nyumbani kila mwezi zilikuwa zikifika kama shilingi 460,000. Mwezi huu pauni hizohizo hazikufika 380,000. Ndani ya fedha hizo kuna dawa za shinikizo la damu za mama, anayeishi Makorora, kuna ada ya mdogo wangu aliyeko shule ya bweni, na kuna nyumba tuliyoianza Kange ambayo kuta zake zimefika usawa wa madirisha. Mume wangu anaona tusitume tena senti ya ujenzi, tuiache benki huku mpaka pauni irudi ilikokuwa. Kaka yangu aliyeko Tanga, ambaye ndiye msimamizi wa ujenzi, anasema kila tunapochelewa bei za vifaa zinatuacha. Kazini nako zamu za ziada zimepunguzwa tangu mwaka uanze, kwa hiyo siwezi kuziba pengo kwa kufanya kazi zaidi. Nani kati yao ana hoja?

Kutoka kwa mwanachama aliyerejea, Chumbageni, Tanga

Waaleikum salaam mwanangu, na marahaba. Wote wawili wana hoja, lakini kila mmoja anazungumzia fedha tofauti na ya mwenzake, na hapo ndipo mnapopishana.

Kwanza tuelewe ni kitu gani hasa kilichoshuka. Watu huizungumzia pauni na shilingi kana kwamba hukutana ana kwa ana, ilhali kwa kawaida pauni hupimwa kwanza kwa dola, kisha dola ndiyo hupimwa kwa shilingi. Katika hatua ya kwanza, pauni iliyokuwa karibu dola mbili Julai mwaka jana ilianguka hadi chini ya dola 1.40 mwezi Januari. Katika hatua ya pili, shilingi yetu nayo ililegea, na dola iliyokuwa chini ya shilingi 1,200 ikapita 1,300. Ndiyo maana pauni imepoteza karibu theluthi ya thamani yake mbele ya dola, lakini wewe umepoteza chini ya theluthi hiyo kwa shilingi, kwa kuwa shilingi nayo imeteremka na kukupunguzia machungu kidogo. Siku ambayo pauni itashuka na shilingi isimame imara, utayaona maumivu kamili.

Sababu za pauni kuanguka zaidi ya wenzake hazijafichika. Baada ya benki ya Lehman Brothers ya Marekani kufilisika Septemba 2008, wenye mitaji duniani walikimbilia dola, huku Uingereza, ambayo uchumi wake umeegemea mno mabenki ya London, ikilazimika kuyaokoa mabenki hayo kwa fedha za walipa kodi. Benki Kuu ya Uingereza ikapunguza riba kutoka asilimia 5 mwezi Oktoba hadi nusu ya asilimia mwezi Machi mwaka huu, kiwango ambacho hakijapata kuonekana tangu benki hiyo ianzishwe mwaka 1694. Mtu mwenye fedha nyingi anayetafuta faida hana sababu ya kuziweka katika pauni kwa riba ya namna hiyo, na anapoziondoa pauni hushuka zaidi. Kumbuka kwamba riba hiyohiyo ndiyo inayoshusha na ile wanayokulipa wewe kwenye akaunti ambamo mumeo anataka fedha za ujenzi zisubiri.

Je, zisubiri mpaka lini? Septemba 1992 pauni ilipata pigo kama hili, Uingereza ilipojitoa katika mfumo wa Ulaya wa kufunganisha viwango vya fedha. Iliteremka kutoka karibu dola mbili, na haikuziona tena dola mbili hadi Aprili 2007. Aliyeamua wakati ule kuzuia fedha za nyumba mpaka kiwango kirudi, mtoto wake aliyekuwa tumboni amemaliza darasa la saba nyumba ikiwa bado msingi. Sisemi kwamba safari hii itachukua muda kama huo, kwani hakuna ajuaye, na anayekuambia kwamba anajua anakuuzia kitu. Ninachosema ni kwamba kusubiri bila tarehe si mpango.

Tena kusubiri kuna gharama ambayo haionekani kwenye karatasi ya benki. Mfumuko wa bei hapa kwetu umepita asilimia 10 kwa mwaka. Kwa hiyo hata pauni ikipanda kwa asilimia 10 kufikia mwakani, fundi mwashi, mchanga na kokoto navyo vitakuwa vimepanda kwa kiasi hicho au zaidi, nawe utakuwa umekaa mwaka mzima ukilinda kitu ambacho tayari kimeshapotea.

Sasa nije kwenye lile ninaloliona kuwa kubwa. Fedha zako ni za aina mbili. Kuna zenye tarehe, nazo ni dawa za mama na ada ya mdogo wako. Na kuna zisizo na tarehe, nazo ni za nyumba. Zenye tarehe ziahidi kwa shilingi, na zisizo na tarehe uziahidi kwa pauni. Mama aambiwe kwamba kila mwezi atapata shilingi kadhaa, na kiwango kikishuka wewe ndiye utakayeongeza pauni tano au kumi juu, kwa sababu duka la dawa halimuulizi habari za London. Kaka naye aambiwe kwamba ujenzi una pauni kadhaa kwa mwezi, basi. Zikifika shilingi nyingi atanunua nyingi, zikifika chache ataendesha kazi polepole. Familia nyingi hapa Tanga zimeingia katika lawama mwaka huu kwa sababu ahadi zote zilikuwa zimetolewa kwa pauni, na kiasi kilipopungua wazee wakadhani mtoto amebadilika, ilhali mtoto anatuma pauni zilezile na pengine anajinyima chakula cha mchana ili zitimie.

Kuhusu nyumba yenyewe, usiitazame kama kitu kimoja. Nondo na mabati huagizwa, au hutengenezwa kwa chuma kilichoagizwa, kwa hiyo bei yake huifuata dola bila kuchelewa. Mchanga, mawe, matofali na ujira wa fundi huifuata shilingi, na hupanda kwa kuchelewa. Saruji iko katikati, maana inachimbwa na kusagwa hapahapa Pongwe lakini tanuru lake linakula nishati. Shilingi inapolegea, kama ilivyo sasa, ni afadhali fedha ziende kwanza kwenye kazi za mikono na vifaa vya hapa. Ukipata kiasi cha kununua nondo mapema kwa hofu ya bei, nunua, lakini zisilale nje kwenye upepo wa bahari. Zipangwe juu ya magogo, zifunikwe, na ziwe ndani ya ua wa mtu unayemwamini. Usimruhusu mtu yeyote akushawishi kununua saruji ya miezi sita. Kwa unyevu wa Tanga, hasa masika haya, mfuko uliowekwa juu ya sakafu bila ubao huanza kuganda pembeni, ukiubonyeza unakuta mabonge, na fundi asiye mwaminifu huyaponda na kuyachanganya hivyohivyo kwenye zege la lenta, ule mkanda wa juu ya madirisha na milango. Kazi yenu ikifika lenta, simameni hapo mpaka fedha za paa zima zipatikane.

Jambo la mwisho ni makato. Kiwango kinachotangazwa magazetini si kile utakachopewa. Wiki iliyopita nilikuwa dirishani kupokea fedha alizoniletea mwanangu, na stakabadhi ilionyesha pauni imehesabiwa kwa shilingi 1,790, wakati siku hiyohiyo kiwango cha jumla, yaani cha mabenki yenyewe kwa yenyewe, kilikuwa karibu 1,880. Kwa pauni 200 hiyo ni tofauti ya shilingi 18,000, nayo haikuandikwa popote kama ada. Tangazo lilisema kutuma ni bure. Kwa hiyo unapolinganisha kampuni, usiulize ada ni kiasi gani. Uliza mpokeaji atahesabiwa shilingi ngapi mkononi, na uliza kampuni zote siku moja, kwani viwango hubadilika asubuhi na jioni. Ukikuta ada ni ya mkupuo mmoja bila kujali kiasi, usigawe fedha vipande vidogovidogo. Mara moja kwa mwezi inatosha, na kwa kutuma kila mwezi utapata wastani wa viwango vya mwaka mzima, vibaya na vizuri.

Nikumbushe tu vijana, maana wengi hamkuwapo. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, kukutwa na dola nyumbani kulitosha kukupeleka ndani, na mwaka 1986 dola ilipandishwa kutoka karibu shilingi 17 hadi 40. Maduka ya kubadilisha fedha na akaunti za fedha za kigeni tumeviona baada ya sheria ya mwaka 1992. Leo mnaweza kuchagua lini na kwa njia gani, na hilo ni jambo la kutumia kwa akili.

Kutoka kwa mwanachama wa Maskati, Oman

Shikamoo mzee wangu, na dada wa Reading pole na majukumu. Huku kwetu hesabu ni nyingine kabisa. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1973, na tangu 1986 riali moja ni dola 2.60, haipandi wala haishuki. Matokeo yake ni kwamba shilingi ilipolegea, sisi tulipata nafuu: riali iliyokuwa ikileta kama shilingi 3,000 sasa inakaribia 3,400. Lakini msituonee wivu. Mafuta yaliyokuwa dola 147 kwa pipa mwezi Julai yalishuka chini ya dola 40 kabla mwaka haujaisha, na makampuni ya ujenzi yameanza kutohuisha mikataba. Kiwango kizuri hakina faida kwa mtu aliyerudishwa nyumbani.

Nimeandika kwa sababu kuna watu wameanza kupendekeza kwamba walioko Oman wawalipie jamaa za walioko Uingereza huko Tanga, kisha wa Uingereza wawalipie wa Oman watoto wao wanaosoma hukohuko Uingereza, ili wote wakwepe makato. Kati ya ndugu wa damu, mara moja, kwa ada ya shule inayojulikana, sioni tatizo. Ikigeuka kuwa utaratibu wa jumuiya nzima, na mmoja wetu akawa anakusanya na kugawa, huko Uingereza hiyo ni biashara ya kuhamisha fedha inayotakiwa kusajiliwa, na asiyesajiliwa anavunja sheria. Tena mtakubaliana kwa kiwango cha siku gani? Wiki moja tu kati ya malipo ya huyu na ya yule inatosha kuwagombanisha watu waliolelewa mtaa mmoja.

Kutoka kwa mwanachama wa Reading, Uingereza

Nawashukuru sana, mzee wangu na kaka wa Maskati. Nimemsomea mume wangu majibu yote mawili. Tumekubaliana kwamba mama na mdogo wangu wataahidiwa kwa shilingi kuanzia mwezi ujao, kwa kiasi kilekile walichokuwa wakipata kabla pauni haijashuka, na pengo tutalijaza sisi. Ujenzi tumeupangia pauni 80 kwa mwezi. Bado hajaridhika na hoja ya riba, anasema afadhali nusu ya asilimia kuliko kupoteza, lakini hoja ya mwaka 1992 ilimnyamazisha, kwani yeye mwenyewe alifika huku mwaka uliofuata.

Kaka amepewa kazi ya kupita kwenye maduka ya Ngamiani na kuniletea bei ya nondo za milimita 12 na bati la geji 28, na pia ujira wa fundi kwa kozi tatu, yaani mistari mitatu ya matofali, zilizobaki kufika lenta. Mzee wangu, kama hutachoka, naomba utuambie hapa bei ya mfuko wa saruji unayoiona wewe Chumbageni, ili nikiletewa hesabu niwe na kitu cha kulinganishia.