Historia ya Sauti ya Injili, Moshi, na kanda zake za kwaya: tuanzie wapi?

Mtenori
Bwana asifiwe, wapendwa. Usharika wetu unaandaa kijitabu cha historia ya kwaya. Wazee wote wanataja nyimbo zao kurushwa na Sauti ya Injili miaka ya 60 na 70, ila wengine wanasema redio ilikuwa Moshi, wengine Addis Ababa. Ipi ni sahihi? Pili, kwenye kabati la ofisi kuna rili za kanda zilizoandikwa "7½" na jina la kwaya. Tuziingizeje kwenye kompyuta bila kuziharibu?

Masafa_Mafupi
Wazee wote wako sahihi. Studio ilikuwa Moshi, mitambo ya kurushia ilikuwa Addis Ababa. Mmiliki alikuwa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, na Mfalme Haile Selassie aliizindua tarehe 26 Februari 1963. Angalieni hiyo tarehe vizuri: KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) ilikuwa bado haijazaliwa, maana makanisa saba ya Kilutheri yaliungana tarehe 19 Juni mwaka huohuo. Kwa hiyo kijitabu kisiseme "redio ya KKKT" mnapoeleza mwanzo wake.

Ilikuwa na mitambo miwili ya masafa mafupi, kila mmoja kilowati 100. Addis hadi Moshi ni kama kilomita 1,400. FM haifiki huko, lakini masafa mafupi hudunda kwenye anga la juu na kushuka mbali. Vipindi vingi havikutengenezwa Addis. Kila eneo lilikuwa na studio yake: Kiswahili Moshi, Kifulani Ngaoundéré kule Kamerun, Kihausa Jos, Nigeria. Kanda zilirekodiwa huko, zikasafirishwa, ndipo zikarushwa. Hivyo tarehe mtakayoikuta kwenye boksi msiichukue kuwa siku wimbo uliposikika hewani.

Msiieleze pia kama redio ya nyimbo na mahubiri tu. Sera yake ilikuwa takriban asilimia 30 uinjilisti, na asilimia 70 elimu, habari na utamaduni.

Tarehe 12 Machi 1977 Derg, serikali ya kijeshi ya Ethiopia, iliitwaa, ikawa Sauti ya Ethiopia ya Mapinduzi. Redio za FM za makanisa hapa Tanzania ni sura nyingine kabisa, iliyofunguliwa na sheria ya utangazaji ya 1993.

Mkitafuta ratiba za zamani, angalieni chini ya Ethiopia, kwa ETLF, herufi za utambulisho za redio hiyo. Saa zimeandikwa kwa GMT, ongezeni tatu. 16:00 GMT ni saa 1 usiku kwetu.

FundiRili
Nijibu la kanda. Msiweke rili kwenye mashine "kuona kama inacheza". Hapo ndipo kanda nyingi hufia.

Shika rili mbele ya taa, utazame ubavuni. Mwanga ukipenya, hiyo ni asetati, aina ya plastiki ya zamani: hukatika kirahisi, na ikianza kuoza hunuka siki. Ikiwa giza tupu, ni poliyesta, plastiki imara zaidi. Hiyo hainyauki ila huvutika. Palipokatika paungwe kwa utepe maalumu wa kuungia kanda. Selotepu ya dukani gundi yake huchuruzika na kugandisha mizunguko ya jirani.

7½ ni kasi, inchi kwa sekunde, sawa na sentimita 19. Rili ya futi 1,200 itacheza dakika 32, ya futi 1,800 dakika 48. Besi wakisikika kama watoto, mashine iko kwenye inchi 15, yaani kasi maradufu.

Safisha hedi (kichwa cha mashine kinachosoma kanda) kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, na uiondolee usumaku kabla ya kila kazi. Kisha skrubu ya mwelekeo wa hedi: igeuze kidogo kidogo ukisikiliza herufi "s" za waimbaji mpaka zing'ae. Wengi huruka hatua hii, halafu wanalalamika kwamba kanda imefifia.

Rekodi WAV, 96 kHz, biti 24, sauti kubwa kabisa isizidi -6 dB. Kwa mono (njia moja ya sauti), dakika 32 ni kama MB 550. Nakala hiyo ya kwanza usiisafishe mlio wowote. Usafi ufanyike kwenye nakala ya pili.

Na jambo moja linalonifurahisha: masafa mafupi hubeba sauti hadi kama 5 kHz tu, lakini kanda nzuri ya kasi hii hufika 15 kHz. Wazee hawajawahi kuisikia kwaya yao redioni kwa ubora uliomo kwenye hizo rili.

Mtenori
Asanteni sana. Mbili zinanuka siki na mwanga unapenya. Fundi mmoja anashauri tuzioke zote kwenye oveni kwanza.

Mhifadhi_Sauti
Hapana! Asetati ikiokwa hujikunja na kuharibika moja kwa moja. Kuoka ni tiba ya ugonjwa mwingine: poliyesta, hasa za kuanzia katikati ya miaka ya 70 zenye mgongo mweusi, ambazo gundi inayoshikilia unga wa sumaku imefyonza unyevu, kanda ikanata na kulia kwenye hedi. Hizo huwekwa kwenye kikaushio chenye joto tulivu la nyuzi 54 kwa saa 8 hivi, zikaachwa zipoe muda uleule, kisha zinakiliwa ndani ya wiki chache kwa sababu unyevu hurudi. Oveni ya gesi ya jikoni haifai, joto lake hupanda na kushuka.

Zenye siki zitengeni leo, maana mvuke wake huambukiza nyingine. Ziwekeni kwenye boksi la karatasi linalopumua, mahali pakavu na baridi, zisiwe ndani ya mfuko wa plastiki. Hizo ndizo za kunakiliwa kwanza.

Kabla ya yote pigeni picha kila boksi, pande zote, pamoja na karatasi iliyomo ndani. Namba ya kipindi, jina la mwalimu wa kwaya na mpangilio wa nyimbo mara nyingi vimeandikwa hapo tu. Studio nyingi enzi hizo zilifuta kanda na kuzirekodi upya, kwa hiyo boksi linaweza kutaja kwaya ambayo haimo. Waiteni wazee wasikilize, wataje majina, nanyi muandike sekunde kila wimbo unapoanza.