Naomba ushauri: fao la kukosa ajira limekwama kwa sababu ya jina

Habari zenu wakuu. Nilipunguzwa kazi kiwandani mwezi Machi baada ya miaka minne. Michango niliyokatwa ya mfuko wa hifadhi ya jamii ni zaidi ya ile miezi 18 inayotakiwa, na barua inasema wazi kwamba nimepunguzwa, sikuacha kazi mwenyewe. Tunaambiwa fao ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, na kwangu hiyo ndiyo kodi ya nyumba.

Shida ni jina. Kitambulisho cha taifa kina majina matatu, lakini kwenye mfuko mwajiri alinisajili kwa mawili, tena moja limekosewa herufi. Nimeenda ofisini kwao mara nne. Ofisa wa kwanza alitaka kiapo cha wakili, nikalipia na kupeleka. Wa pili akasema hakitoshi, nilete barua ya mwajiri. Kiwandani nako ofisa utumishi wa zamani hayupo, mpya ananipiga kalenda tu.

Naomba kujua: aliyepitia hili alimaliza kwa kiapo, au alilazimika kusajili hati ya kubadili jina? Na mwajiri akigoma kuandika barua, nianzie wapi kulalamika?