Nyumba ya kupangisha England, cheti cha EPC (cha matumizi ya nishati, A ni bora, G ni mbovu) ni F: nianzie wapi?

Mwenye_Ufunguo: Wakuu, nyumba ni ya matofali, kuta nene zisizo na uwazi katikati, darini kuna pamba ya kioo (ya kuzuia joto lisitoke) ya milimita 50 tu. Naweza kuweka mpangaji hivyo hivyo?

Bibi_Mikataba: Hapana. Kiwango cha chini England na Wales ni E: tangu Aprili 2018 kwa mikataba mipya, na tangu Aprili 2020 hata kwa mpangaji aliyemo. Kikomo cha gharama za kuboresha nyumba ni pauni 3,500, VAT ikiwemo. Ukifika hapo na bado ni F, sajili msamaha. Hudumu miaka 5 na hauhamii kwa mnunuzi. Kukaa kimya ndiko kunakoleta faini.

Fundi_Boriti: Anza darini, ndiko rahisi. Lengo ni milimita 270 za pamba: 100 kati ya boriti, 170 juu yake, ikilazwa kwa kupishana na boriti. Usiishindilie, ikibanwa inapoteza nguvu. Kosa la kila siku ni kuisukuma hadi kwenye upenu: hewa inakosa njia, mvuke unageuka maji kwenye mbao, kisha ukungu. Acha mwanya wa milimita 50. Nyaya za umeme zipite juu ya pamba, zisifukiwe, zitapata joto.

Mwenye_Ufunguo: Na madirisha?

Fundi_Boriti: Baadaye. Yanakula pesa, yanaongeza alama chache za EPC. Piga picha kila hatua kabla hujafunika, mkaguzi hakadirii kwa huruma.