Tupeane uzoefu: neno ulilolitoa ukijua unamtia mtu moyo, kumbe umemchoma

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba tupeane uzoefu kuhusu ulimi, ila siongelei matusi wala uongo, hayo kila mtu anajua ni dhambi. Naongelea yale maneno tunayatoa tukijiona tuko kiroho kabisa alafu yanamwacha mwenzio na kidonda. Naanza na langu.

Kuna dada tunasali nae, alijifungua mtoto hayuko hai, mimba ilikua imefika miezi saba. Nikaenda kumpa pole, nikakaa pembeni ya kitanda nikamshika mkono nikamwambia Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe. Mi nikaona nimesema Neno. Yeye akautoa mkono wake taratibu, akauingiza chini ya shuka akageukia ukutani. Nikajua amechoka, nikaomba sala ndefu nikaondoka. Tangu siku ile tukikutana ananisalimia vizuri tu lakini ni salamu ya mlangoni, hakukaribishi ndani.

Mwaka umepita, ndo juzi nasoma kitabu cha Ayubu nikakwama pale 1:21. Yale maneno aliyasema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe, akiwa ametoka kurarua joho lake. Hakuambiwa na mgeni. Rafiki zake watatu walipokuja walikaa nae chini siku saba usiku na mchana hakuna aliyesema neno, na mpaka hapo walikua hawajakosea kitu. Shida imeanza walipofungua midomo, tena mengi waliyosema ukiyasoma peke yake yanafaa kabisa kuhubiriwa, lakini mwisho Mungu anamwambia Elifazi hasira yangu imewaka juu yako na rafiki zako wawili. Yaani mimi nilichukua neno la mfiwa mmoja nikamlazimishia mfiwa mwingine alitamke. Ndo nimeuelewa ule mkono.

Karibuni na nyie.

Mwanakwaya: Asante kwa kuanzisha, mimi langu ni hili neno "tumuombee". Rafiki yangu alinifungukia kuhusu ndoa yake, mume amehamia chumba kingine, alikua analia. Nikaenda kwenye grupu la maombi nikaandika tumuombee dada yetu mmoja wa sauti ya kwanza, ndoa yake inapita pagumu. Jina sikutaja nikaona nimemsitiri. Sasa sauti ya kwanza tuko sita na walioolewa ni wawili, mmoja ni mimi. Kufika jioni wote wanajua na wengine washaanza kumpigia simu kumpa ushauri. Niliifuta ile meseji lakini ishasomwa. Kwaya aliacha, na mimi kwenye moyo wangu najua kabisa haikua maombi tu, kulikua na kautamu fulani ka kuwa mtu wa kwanza kujua, na hicho ndicho nilichotubu. Saivi mtu akiniambia jambo namuuliza pale pale, hili nibaki nalo mimi na Mungu au naruhusiwa kumshirikisha mtu? Na tunaomba wawili hapo hapo kabla hajaondoka. Mithali 11:13 inasema mwenye roho ya uaminifu husitiri mambo, nilikua naisoma kila siku bila kuiona.

Baba wa wawili: Mi sio kanisani, ni mezani nyumbani. Namfundisha mwanangu hesabu, ana miaka nane, kuchukua kwenye kutoa, nimeeleza mara ya kwanza ya pili ya tatu na mimi nimerudi kazini nimechoka, nikamwambia hivi wewe kichwani una nini. Hakulia. Alichukua ufutio akaanza kufuta lile jibu, akafuta akafuta mpaka karatasi ikatoboka na bado anafuta pale kwenye tundu. Jamani ile picha haijanitoka. Na dakika kumi nyuma nilikua nimetoka kuombea chakula kwa kinywa hicho hicho, ndo lile la Yakobo 3, je chemchemi moja inatoa maji matamu na maji machungu?. Usiku nikaenda kumuomba msamaha, nikakaa chini ili tuwe sawa macho, nikamwambia baba amekosa, hujui kutoa kwa sababu bado unajifunza. Akaniuliza kwahiyo kichwa changu ni kizima? Alikua ameliamini masaa manne.

Msomaji wa muda mrefu: Samahani nitaenda tofauti kidogo. Tusije tukafika mahali tunaogopa kuumiza mpaka tunanyamazia dhambi. Mimi nina rafiki alikua anakunywa kila siku, nikakaa kimya miaka miwili nikiita hekima, kumbe ni woga. Alipopoteza kazi aliniuliza swali moja tu, ulikua unaona? Nikashindwa kujibu.

Mwalimu wa watoto: @Msomaji uko sahihi na nadhani haipingani na mleta uzi. Angalia Nathani kwa Daudi, 2 Samweli 12. Mfalme amechukua mke wa mtu na mtu mwenyewe amemuua, angeweza kuingia na kidole kimenyooka. Akaanza na habari ya maskini na kamwanakondoo kake kamoja kanakolala kifuani kwake, mpaka Daudi akawaka hasira mwenyewe, ndipo akamwambia wewe ndiwe mtu huyo. Ukweli haukupungua hata kidogo. Ila alikua amefikiria njia ya kuufikisha, na hiyo kazi ya kufikiria njia ndo wengi tunairuka alafu tunasema mi ni mtu wa kunyoosha maneno.

Mgeni hapa: Mi mfano wangu ni Nehemia 2:4. Mfalme ameuliza swali, Nehemia anaogopa sana, anaomba kwanza kimoyomoyo ndo anajibu. Sidhani kama mfalme aligundua hata huko kunyamaza kidogo. Mke wangu akinijia juu nafanya hivyo, Bwana nisaidie, alafu ndo najibu. Siku nikisahau nyumba nzima inajua.

Mleta uzi: Nimerudi. Baada ya kusoma ya Baba wa wawili nilienda kwa yule dada. Sikutaka kupiga simu. Nikamwambia siku ile ulivyofiwa nilikupa maneno ambayo hayakua yangu kuyasema, naomba unisamehe, nikanyamaza, na kunyamaza kwenyewe ilikua kazi maana mdomo ulishaandaa mstari mwingine wa kufariji. Tukakaa labda robo saa. Baadae akasema, alikua na jina, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamuuliza. Akanitajia.