Tupeane uzoefu: pesa ya dharura nyumbani kwako inakaa wapi, na nani ana ruhusa ya kuigusa?

Fundi cherehani, Mbagala

Habari zenu ndugu zangu. Naomba jambo hili tulizungumze kwa uwazi, maana wengi tunaumia kimya kimya.

Mimi nashona, mume wangu anafanya kazi za umeme wa majumbani. Pesa yake huja kwa mafungu: wiki hii laki na nusu, wiki mbili zinazofuata hakuna kitu. Machi 2023, saa saba usiku, mtoto wetu wa pili alishikwa na degedege. Baba yake alikuwa Kibaha kwenye kazi. Kwenye simu nilikuwa na 3,400. Mwenye bajaji akataka 7,000.

Kibubu kilikuwepo, kile cha mbao cha kununua barabarani, kimepigiliwa misumari pande zote. Nilikitikisa, kikatoa mlio wa sarafu mbili tatu. Noti nilishazitoa mwenyewe, moja moja, kwa kukipindua juu chini na kupenyeza kibanio cha nywele kwenye kile kitundu mpaka noti ichungulie, halafu naivuta taratibu isichanike. Leo elfu mbili ya sukari, kesho elfu tano ya mchango wa kicheni pati. Kila mara najiambia nitarudisha. Usiku ule niligonga kwa jirani, mama mtu mzima. Alifungua pindo la kanga yake akanipa 20,000 bila kuniuliza neno. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Ila zile hatua kutoka mlangoni kwangu hadi mlangoni kwake sijazisahau.

Baada ya hapo nilichukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, nikaandika kila shilingi iliyotoka kwa mwezi mzima. Kilichonishtua ni mkaa. Nilikuwa nanunua kopo la 2,000 kila siku, na siku za maharage makopo mawili. Mwezi ule mkaa ulikula 74,000. Mume wangu alipopata kazi tulinunua gunia zima kwa 60,000, likatufikisha siku 37. Ile 14,000 iliyookolewa ndiyo ikaanzisha pesa yetu ya dharura.

Sasa sehemu kubwa iko kwenye vikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tuko wanawake 22, tunakutana kila Jumamosi. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Hisa ni 5,000. Mbali na hisa, kila mmoja anaweka 1,000 ya mfuko wa jamii, na huo ndio wa ugonjwa na msiba, ukipewa hurudishi. Lakini sanduku halifunguliwi saa saba usiku, kwa hiyo nina 30,000 nyingine kwenye laini ya simu ya zamani ambayo hakuna anayeijua namba yake zaidi ya mume wangu. Inalala kabatini, naiwasha mwisho wa mwezi na kuitumia kidogo isije ikafungiwa.

Nyie wenzangu mnafanyaje?

Bodaboda, Morogoro

Dada shikamoo, pole kwa yaliyokukuta. Mimi nilikuwa kwenye mkataba wa pikipiki, hesabu 10,000 kila siku kwa tajiri mwenye pikipiki. Kila pikipiki ilipogoma nilikopa, naita dharura. Siku moja mzee mmoja kijiweni akaniuliza, "Tairi la nyuma ulibadilisha lini mara ya mwisho?" Nikamtajia. "Na kabla ya hapo?" Nikamtajia. Akaniambia, sasa hilo unalolijua mwezi wake lina udharura gani? Tangu hapo 1,000 ya kila siku ni ya tairi, oili na cheni, naikabidhi kwa mama lishe wetu, ninaichukua siku ya matengenezo tu. Dharura yangu ni nyingine kabisa: siku nikianguka na kulala ndani. Hiyo ndiyo nimeanza kuiwekea mwaka huu, nimefikisha siku 9 za kula bila kutoka.

Mkulima, Mbozi

Huku kwetu pesa ya dharura ni mahindi. Tukivuna, mwezi wa sita na wa saba, kila mtu anauza kwa mpigo na bei inaanguka. Zamani na mimi niliuza yote, nikanunua bati na redio, kufika Februari nanunua unga dukani, mimi mkulima. Iliniuma sana.

Sasa gunia 6 haziguswi. Nazihifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa. Kwa wasioijua: ndani ina mifuko miwili ya plastiki, nje wa kufumwa kama salfeti ya kawaida. Mahindi lazima yakauke kweli, nayatafuna kusikia mlio wake. Unajaza wa ndani kabisa, unakamua hewa, unausokota shingo, unaukunja na kufunga kwa kamba. Kisha wa pili hivyo hivyo, kisha wa nje. Wadudu wakikosa hewa wanakufa, dawa huhitaji. Adui aliyebaki ni panya, kwa hiyo mifuko naiweka juu ya mbao, mbali na ukuta. Shida ikija nauza debe mbili, si gunia, na mfuko niliofungua naufunga tena siku hiyo hiyo.

Jambo jingine, 2022 nilikata bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, 30,000 kwa kaya ya watu 6. Mwaka ule mke wangu alilazwa siku nne. Sikuuza hata debe moja.

Msomaji wa siku nyingi, Dodoma

Niseme la kwangu, sijawahi kulisema popote. Nimeajiriwa. Kwa miaka minane mke wangu hakujua mshahara wangu. Nilikuwa naacha pesa ya matumizi mezani asubuhi, basi. Mama yake alipougua, aliogopa kuniomba mara ya pili ndani ya mwezi mmoja. Akachukua mkopo wa kausha damu: 200,000, marejesho 10,000 kila siku kwa siku 26. Alibana kwenye chakula mpaka akashindwa. Nilirudi jioni moja nikakuta watu wawili wanabeba jiko la gesi na televisheni, watoto wamekaa ukutani wanatazama.

Nilimfokea. Usiku wanangu wakiwa wamelala akaniambia, "Ningejua ipo, ningekuomba."

Ilikuwepo. Kwenye akaunti nilikuwa na laki nne.

Siku hizi tarehe ya mshahara tunakaa wawili na karatasi ya mshahara iko mezani. Pesa ya dharura ina kiwango tulichokubaliana: chini ya 50,000 yeyote anatoa kisha anamwambia mwenzake, zaidi ya hapo tunaongea kwanza. Na wenzangu, mkilazimika kukopa, ulizeni leseni ya Benki Kuu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo. Anayekwepa swali hilo, ondokeni.

Niko Muscat, kwetu Tanga

Kaka wa Dodoma, umeniliza.

Mimi ni dada wa kazi huku. Mwaka wa kwanza nilituma karibu kila kitu nyumbani, nikiamini wananiwekea. Kila simu ilikuwa dharura: mara paa linavuja, mara harusi ya binamu, mara mdogo wangu anataka mtaji. Mama alipotakiwa kufanyiwa upasuaji wa uvimbe, niliulizia akiba yangu, nikasikia kimya kwenye simu. Nilikopa riyali kwa wenzangu watatu.

Sikugombana na mtu. Nilimpigia mama, nikamwambia taratibu: ya chakula itaingia tarehe 5 kila mwezi, haitazidi. Nyingine inakaa kwenye akaunti yangu mwenyewe, na kazi yake ni mbili tu, matibabu yako na tikiti yangu ya kurudi likinikuta jambo. Alinyamaza, kisha akasema, "Afadhali, mwanangu, hata mimi nilikuwa nachoka kuwajibu." Kumbe na yeye alikuwa anabanwa na ndugu.

Mama Likoni, Mombasa

Hapa tuna chama, na kwa simu naweka M-Shwari, zile za kufunga mpaka muda ufike. Zimenisaidia sana karo. Lakini nakubaliana na dada wa Mbagala, zilizofungwa hazikimbii usiku. Weka na za karibu kidogo.

Fundi cherehani, Mbagala

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Dada wa Muscat, pole sana, na mama apate afya. Mdogo wangu wa bodaboda, swali la mzee wako limeingia kwenye daftari langu: sare na madaftari ya Januari nimeyatoa kwenye dharura, nayawekea 3,000 kila wiki kuanzia Julai.

Ile laini ya kabatini ilitumika juzi. Yule mama jirani presha ilimpanda usiku, watoto wake wako mbali. 12,000 ilitosha bajaji na dawa. Bado sijairudisha. Nina gauni mbili za sare za harusi nazimalizia vifungo, mwenyewe anakuja kuzichukua Ijumaa.