Mzee wa makazini akizidiwa, gharama ni za nani?

Wana Moshi na majirani zetu wa Arusha, naleta hili tujadiliane. Kila nikigusia makazi ya wazee najibiwa mzee alelewe na wanae, makazi mambo ya wazungu. Sawa, ila mi siongelei babu anayetembea na wanae wanakuja Desemba. Naongelea yule asiye na mtu, ana sukari, ana presha, kiharusi kimemlaza upande mmoja na kumbukumbu ndo zinaondoka. Na hao wapo, utafiti uliofanyika hapo wilayani Hai ulikuta kwenye wazee 100 wa miaka 70 kwenda juu kama 6 hivi wana ugonjwa wa kusahau.

Kuna mama alikuwa jirani yetu, kamalizia maisha makazini. Hospitali walimwekea mpira wa mkojo, siku ya kubadilisha ikapita wiki mbili nzima, maana makazini wanasubiri hela ya gari na hospitali wanajua ashabadilishiwa hukohuko. Mpaka homa ikampanda. Hakuna aliyemtelekeza jamani, kila mtu alijua mwenzie ndo anahusika, na hilo ndo linaniuma mpaka leo.

Msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi upo, lakini unaishia dirishani. Pampasi, usafiri, mtu wa kumgeuza usiku asipate vidonda vya kulalia, hivyo nani analipa? Afya na wazee walikuwa wizara moja, Januari 2022 zikatenganishwa, sasa makazi yapo wizara hii na hospitali zipo ile.

Wajapani tangu 2000 wana bima ya matunzo peke yake, unaanza kuchangia ukifika miaka 40, na kuna mtu kazi yake ni kupanga huduma za mzee, nani aje lini. Hatuna hela zao najua. Ila sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 imeshasema wasio na uwezo watagharamiwa, basi fungu limfuate mzee mpaka kitandani kwake, mgonjwa zaidi apewe zaidi, na kila makazi yawe na nesi mmoja anayeshika faili la kila mzee na namba ya daktari wake, akiulizwa ajibu yeye.

Mnaosema wanae walee, yule mama hakujaliwa mtoto. Niambieni ule mpira alitakiwa abadilishe nani.